Pete Niliyoiuza Dorwen

Ile pete niliiuza mimi. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure huko mbele, maana nina sura ya mtu wa kuhurumiwa na nimeitumia vizuri maishani. Niliiuza mwaka wa 2003 katika ukumbi wa vijana pale Sarang'ombe, Kibera, nikamsingizia rafiki yangu Shivachi, na hadi mwezi jana waliojua ni wawili tu: mimi, na mwuza silaha mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mwuza silaha huyo anaitwa Tobrin. Duka lake liko katika mji wa Dorwen, na mji wa Dorwen uko ndani ya kompyuta. Siku hizo ukumbi ulikuwa umepewa kompyuta moja ya msaada ili sisi vijana tujifunze kupiga chapa, na aliyeitoa alikuwa amesahau ndani yake mchezo uitwao Mnara wa Kolvane. Ulikuwa mchezo wa kizamani hata wakati huo. Hauna mbio wala bunduki. Unaunda wasafiri wanne, unawapa majina, unawatembeza misituni na mapangoni, na karibu kila kitu unakisoma kwa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini. Ukikutana na zimwi, zimwi linasimama na kukungoja ufikirie. Unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukalikuta bado limeinua rungu.

Mimi na Shivachi tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na hatukuwa na la kufanya, kwa hiyo tulifanya hilo. Msafiri wa kwanza, askari mwenye ngao, nilimpa jina langu, Kimanzi. Wa pili, fundi wa kufungua kufuli na mbeba mizigo, akapewa la Shivachi. Mganga tukamwita Naftaly, jina la mtunza ukumbi, ili Naftaly mwenyewe atuongezee muda. Mchawi tukamwita Beth, msichana wa kwaya tuliyempenda sote wawili. Beth aliolewa Ngong na hadi leo hajui kwamba aliwahi kurusha moto kwa vidole.

Ilituchukua miezi mitatu kuipata pete ya shaba inayofungua lango la mnara. Kisha siku moja Shivachi akatoka kwenda kumtekea mama yake maji, nikabaki peke yangu, nikaingia kwa Tobrin kuangalia tu. Ukutani palikuwa na upanga unaowaka moto. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na kitu cha maana cha kumpa Tobrin isipokuwa ile pete. Shivachi aliporudi nikamwambia upanga nimeuokota kwenye mifupa ya askari aliyekufa, naye akanipongeza.

Siku mbili baadaye tukafika langoni, pete haipo. Hapo ndipo ningesema kweli. Badala yake nikaruka juu na kupaza sauti, "Si wewe ndiye unabeba vitu? Umeuza pete yetu!" Ukumbi ulikuwa umejaa watu wakitazama na hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mama yake Shivachi, Mama Nabalayo, alikuwa na duka karibu na bomba la maji, lile la dirisha lenye wavu. Mtoto wa duka atakosaje kuuza? Tukashikana mashati, Naftaly akatutoa nje na kutupiga marufuku. Kufikia jioni Shivachi alikuwa na jina jipya: Duka. Leo ana miaka arobaini, ni fundi wa kuchomelea mageti hapo hapo Sarang'ombe, na hata mkewe Nasipwondi humwita Duka.

Kama ingeishia kwenye jina ningesema ni utani. Lakini habari ilifika kwenye foleni ya bomba, na kwenye foleni ile hakuna aliyejua mchezo wa kompyuta ni mdudu gani. Mtu wa tatu alisema Shivachi ameuza pete ya wenzake. Mtu wa sita alisema ni ya dhahabu. Ilipomfikia Mama Nabalayo ilikuwa pete ya ndoa ya mtu. Shivachi akajaribu kueleza kwamba pete yenyewe si ya kweli, akaharibu kabisa, kwa sababu sasa alionekana anauza pete bandia. Mama yake hakumpiga. Alimtoa tu nyuma ya kaunta, mahali alipokuwa akiuza tangu alipoweza kurudisha chenji, akamweka mpwa wake. Tangu siku hiyo Shivachi hakukaa tena pale.

Niliyaona yote hayo. Ningeweza kwenda bombani na kusema neno moja. Nilihamia Kawangware.

Sasa, mwezi jana Naftaly akanipigia simu. Ukumbi unakarabatiwa, akasema, na takataka zote za zamani zinaenda kwa wanunuzi wa vyuma, na kwa kuwa mimi ni fundi wa redio na kompyuta huenda ningetaka kutoa vipuri. Nilifunga kibanda changu kabla hajamaliza kusema. Niliibeba mashine kwa pikipiki hadi kibandani, mtaa wa Kongo kule Kawangware, skrini yenye kisogo kirefu nimeipakata kama mtoto mgonjwa, dereva akiniuliza kila tuta la barabara kama hiyo ni televisheni.

Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Niiwashe mashine, niende Dorwen kimya kimya, niikomboe pete kwa Tobrin, niizike chini kabisa ya mkoba wa mizigo. Kisha nimwite Shivachi, tufungue mkoba pamoja, na mimi nishike kichwa: "Ala! Kumbe ilikuwa hapa miaka yote!" Hakuna mwizi, hakuna mwongo, kuna vijana wawili tu ambao hawakutafuta vizuri. Nilikuwa nimejifunza hadi namna ya kushika kichwa.

Nikasafisha vumbi, nikabadilisha waya mbili, nikawasha. Diski ikakohoa, skrini ikawa kijani, na ule muziki wa vifilimbi ukaanza. Wasafiri wanne walikuwa wamesimama mbele ya lango la mnara, palepale tulipowaacha, wakingoja. Nilicheka peke yangu. Sitakuficha, nilifurahi hadi macho yakalowa, mimi mtu mzima mwenye bisibisi mfukoni. Siku hizi simu yangu ina michezo ya kila aina, yote inanikimbiza, yote inanililia nitazame tangazo. Huu haukunililia. Uliniandikia tu kwamba jua linatua, upepo unavuma kutoka milimani, na Beth ana njaa.

Dorwen iko mbali na lango, kwa hiyo nilianza safari. Lakini njiani kuna pango la popo, na ndani ya pango kuna ngazi ambayo hatukuwahi kuishuka, nami nikasema nichungulie mara moja. Nilipoinua kichwa saa nne zilikuwa zimepita, redio sita za watu zilikuwa mezani hazijaguswa, na nyuma yangu alikuwa amesimama mama yangu.

Mama yangu anaitwa Wanza, nami humwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao. Alikuwa amekuja kutoka Machakos kuchukua miwani mipya, na mke wangu Kathini, ambaye anauza nguo kule Riruta Satellite, alikuwa amemleta kibandani ili asikae nyumbani akihesabu mabati.

"Hawa ni kina nani?" akauliza Mwaitu.

"Ni mchezo tu, Mwaitu."

"Na huyu wa mbele mbona amevaa sufuria?"

"Ni kofia ya chuma. Huyo ni mimi."

Aliitazama skrini, akanitazama mimi. "Umekonda," akasema, akavuta stuli.

Nilidhani atachoka. Badala yake, tulipofika kijiji cha kwanza, alinishika mkono. "Huyo mama hapo kisimani umempita hivyo tu?"

"Huyo hana maana, Mwaitu. Amewekwa tu kupamba kijiji."

"Mtu wa kupamba? Rudi umsalimie."

Nikarudi kwa kuguna. Mama wa kisimani, ambaye mimi na Shivachi tulimpita labda mara mia mwaka ule wa 2003 bila kumtazama usoni, akasema amengoja sana mtu wa kumwuliza hali, kisha akatuonyesha njia ya mkato inayokwepa bonde lote la mazimwi. Nilimtafsiria Mwaitu huku masikio yakiniwaka. Bonde lile lilituua mara thelathini na moja.

"Unaona," akasema. "Na hao watatu nyuma yako wamenuna?"

"Wamenuna vipi?"

"Mmeingia watu wanne, amesalimia mmoja. Hata nyumbani kwenu huwezi kufanya hivyo. Kila mtu apeane mkono."

Katika mchezo ule anayezungumza na wenyeji ni yule uliyemtanguliza mbele. Ilibidi nimtangulize Naftaly asalimie, kisha Beth, kisha Shivachi, kila nyumba, kila mlinzi, kila mtoto aliyekuwa akifukuza bata. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ilituletea mikate, kamba, habari za siri na mbwa. Kufikia siku ya pili Mwaitu alikuwa amekalia kiti changu na mimi niko kwenye stuli, yeye akibonyeza, mimi nikitafsiri. Hakutupa kitu. Chupa tupu zote tulizokuta mapangoni alizibeba, hadi Shivachi wa kwenye skrini akawa hawezi kutembea, tukamgawia Beth mizigo. Alikataa watu wake walale bila kula. Mteja mmoja alikuja kuchukua redio yake, akakaa nyuma yetu hadi saa kumi na moja, akaondoka bila redio.

Nilikuwa na furaha ambayo sijaijua tangu nilipokuwa sina ndevu. Mpango wangu nilikuwa nimeuweka kando kidogo. Nilijiambia tutafika Dorwen siku Mwaitu akienda kuchukua miwani, na hapo nitaingia kwa Tobrin peke yangu. Siku ya miwani ikafika, Mwaitu akaenda asubuhi, na kabla sijatoka hata msituni alikuwa amerudi, miwani ikiwa kwenye mfuko wa sweta. Kisha, Jumamosi, mlango ukafunikwa na kivuli.

"Niaje Kimaa."

Alikuwa Shivachi. Huwa tunaonana kwenye mazishi na harusi, tunapeana mkono, tunaulizana habari ya kazi. Hajawahi kukanyaga kibanda changu.

"Poa, Duka," nikasema.

"Naftaly ameniambia umebeba ile mashine. Nikasema nikuje niione tu. Bado inawaka?" Kisha akamwona aliyekaa kitini. "Aki si huyu ni Mama Kimanzi! Habari ya siku mingi, Mama?"

"Nzuri, baba. Wewe ni huyu hapa?" Mwaitu akamwonyesha kidole kwenye skrini. "Umebeba chupa zangu vizuri."

Shivachi aliinama akatazama. Sikumbuki lini nilimwona akitabasamu hivyo. Kisha akafungua mfuko wa nailoni aliokuwa nao, akatoa daftari la hesabu, la miraba, lililofunikwa kwa karatasi ya khaki. Nililijua kabla hajalifungua. Ndani yake, kwa penseli, kulikuwa na kila pango, kila ngazi, kila mlango wa Mnara wa Kolvane tuliowahi kuuona, mraba mmoja kwa kila hatua moja, kwa mwandiko wangu na wake.

"Umeweka hii kitu?" nikauliza.

"Nimehama nyumba mara nne nayo. Nasipwondi ananiuliza kila saa, hii ni nini, nikamwambia ni title deed ya shamba."

Basi tukakaa watatu. Shivachi akiongoza kwa ramani, Mwaitu akibonyeza, mimi nikitafsiri na kuchemsha chai. Zimwi la daraja lilitupiga, Shivachi akapiga meza, "Wewe Beth, choma huyo!" na Beth akalichoma. Tulicheka kama vichaa, watu wa njiani wakawa wanachungulia. Nami katikati ya kucheka nikawa naona, kwenye daftari, ule mraba mmoja wenye herufi kubwa: DORWEN. Ulikuwa unakaribia.

"Twende langoni moja kwa moja," nikasema. "Tujaribu kusukuma."

"Bila pete?" Shivachi akanitazama. "Si lazima kwanza tucheki kwa Tobrin. Ama ulisema ulicheki?"

"Nilicheki. Hakuwa nayo."

Ndiyo. Miaka ishirini na miwili baadaye, akiwa ameketi karibu nami, kikombe changu cha chai mkononi mwake, nilidanganya tena. Sikusita hata kidogo, na jambo hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya ile pete yenyewe.

Lakini Mwaitu alikuwa ameshaona nyumba za watu mbele, tukaingia Dorwen. Simu ya Shivachi ikalia, mtu alitaka vipimo vya geti, akatoka nje kuongea. Mwaitu alikuwa ameanza upande wa kulia wa barabara kama kawaida yake, nyumba kwa nyumba: mwokaji, mshonaji, mlinzi wa mnara wa saa. Kilichofuata ni mlango wa Tobrin.

"Hapo hakuna mtu, Mwaitu."

"Taa inawaka."

"Ni stoo."

"Stoo ina kibao cha upanga?" Akaingia.

Alimtanguliza Naftaly, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Tobrin akaandika: karibu, mgeni. Akamtanguliza Beth: karibu, mgeni. Akamtanguliza Shivachi, na hapo nilijikuta nimefumba macho. Karibu, mgeni. Kidole cha Mwaitu kikaenda kwenye namba moja, ambayo ni mimi.

"Mimi nilimsalimia jana," nikasema, nikiziba namba kwa kiganja.

"Jana tulikuwa msituni. Toa mkono."

Nikautoa. Tobrin ana kumbukumbu nzuri, na hilo nililijua tangu 2003. Yeyote aliyewahi kufanya naye biashara humkumbuka kwa jina hadi mwisho wa dunia. Maandishi yakajiandika polepole, herufi moja moja, kama kwamba mashine yenyewe inafurahia.

"Amesema nini?" Mwaitu akauliza.

"Amesema karibu, mgeni. Kama wenzangu."

Mwaitu hajui Kiingereza. Lakini amesuka viondo, vile vikapu vya mkonge, miaka hamsini, na hesabu ya mistari haimpigi chenga. Alitoa miwani mipya kwenye mfuko wa sweta, akaifuta kwa upindo wa leso, akaivaa, akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Kimanzi," akasema. "Wenzako aliwapa mstari mmoja mmoja. Wewe amekupa mitatu. Huyu mtu mnajuana."

"Ni vile mimi ni askari, Mwaitu, wananiheshimu..."

"Wacha nimsomee," akasema Shivachi.

Alikuwa mlangoni, simu bado mkononi. Alikuja akainama juu ya bega la Mwaitu, akasoma yote kimya kwanza. Kisha akamtafsiria, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya wengine.

"Anasema, 'Bwana Kimanzi! Karibu tena. Ile pete yako ya shaba bado ninayo rafuni. Na upanga je, unakufaa?'"

Diski iligonga mara mbili. Nje kulikuwa na mtu anauza mahindi kwa kipaza sauti, na sikuwahi kumpenda muuza mahindi kama nilivyompenda dakika ile, kwa kuwa angalau kulikuwa na kelele.

Shivachi hakuitazama skrini tena. Alinitazama mimi. "Kwani ulikufaa, Kimaa?"

"Haukunifaa," nikasema. "Zimwi la kwanza tulilokutana nalo lilikuwa la maji."

Nilisema kweli, na siku nyingine ingekuwa mzaha. Hakucheka. Alikaa kwenye stuli yangu, akafunga daftari, akaliweka magotini.

"Mama," akamwambia Mwaitu, "mathe yangu alinitoa dukani juu ya hii pete. Watu walimwambia nimeuza pete ya ndoa ya mtu. Sikuwa nimeuza kitu, lakini ningemwambia nini? Hata mimi nilianza kufikiria labda niliuza nikasahau, juu huyu alikuwa na uhakika sana." Akaligeuza daftari magotini. "Mwaka jana alilazwa wiki mbili. Funguo za duka akapea jirani. Mimi nikiwa hapo kando ya kitanda, Mama. Mikono yangu iko hivi, mitupu."

Akaionyesha mikono yake, mikubwa, yenye makovu ya cheche. Niliona aibu hadi nikatamani kuingia kwenye sipiyu, lile sanduku la kompyuta, nikajifungia. Nilitaka kusema nilikuwa mtoto. Lakini dakika ishirini zilizopita sikuwa mtoto, na nilikuwa nimedanganya vilevile.

"Nisamehe," nikasema.

"Usinibebe ufala, mimi si mjinga wako," akajibu, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko ngumi.

Mwaitu alivua miwani. "Kwanza tumalize na huyu," akasema, akaigeukia skrini. "Rudisha upanga wa watu."

"Mwaitu, bila upanga mnarani nitapigana na nini?"

"Utajua mwenyewe."

Upanga wa moto ukarudi ukutani kwa Tobrin, pete ya shaba ikatoka rafuni. Mwaitu akamkabidhi Shivachi wa kwenye skrini, yeye mwenyewe, ndani ya mkoba wake. Bwana Kimanzi alibaki na ngao na fimbo ya kufukuzia bata.

"Na sasa zile salamu nyingine," akasema Mwaitu, akinyanyuka na kukung'uta sketi. "Ulimtukana mwenzako mbele ya watu wengi. Kesho baada ya kanisa utawapitia. Kila mtu, mkono kwa mkono. Usinirukie hata mmoja."

Jumapili nilitoka Kawangware na tai shingoni. Mwaitu alikuwa upande huu, Shivachi upande ule, wamenibana kama mshukiwa. Tulianza na Naftaly, ambaye alicheka hadi akashika ukuta. Tukaja kwa majirani wa bomba, wale waliobaki, mlango hadi mlango. Nilipeana mkono, nikasema: pete ya mwaka ule niliiuza mimi, si Shivachi. Wengi hawakukumbuka kisa, walikumbuka jina tu, na walidhani siku zote anaitwa Duka kwa sababu mama yake ana duka. Mmoja, mama mzee wa foleni ya zamani, alivunjika moyo. "Kwa hivyo haikuwa ya dhahabu?" akauliza. "Aki na vile mimi nimeambia watu."

Nilianza kupata nguvu. Nikaanza hata kutia mbwembwe. Kisha tukafika kwenye dirisha lenye wavu.

Mama Nabalayo amekula chumvi nyingi sasa, lakini bado anakaa wima nyuma ya kaunta. Shivachi alisimama kando, mbali kidogo, mahali pake pa siku zote. Nilimpa Mama Nabalayo mkono kupitia tundu la wavu, nikasema nilichokuja kusema, na mbwembwe zote zikaniisha katikati ya sentensi.

"Hiyo pete ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya mchezo wa kompyuta, Mama."

"Hakuna mtu alikuwa ameivaa?"

"Hakuna, Mama. Haishikiki hata kwa mkono."

"Na aliyeuza ni wewe."

"Ni mimi."

Hakuuachilia mkono wangu. "Wewe ndiye ulikuwa unakuja hapa kula mandazi yangu," akasema. "Hata baada ya hiyo siku ulikula."

"Nilikula, Mama."

Akauachilia. Alipanga upya sabuni za kipande ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Kisha akatoa rundo la funguo kwenye leso, akafungua kufuli la mlango wa ubavuni kwa ndani, akausukuma ukafunguka.

"Shivachi," akaita. Hakusema Duka. "Kuja hapa ndani uketi. Miguu yangu inauma, nataka kukaa nje na huyu mgeni wangu."

Shivachi hakusogea mara moja. Fundi mzima wa mageti, alitazama ule mlango wa mabati kana kwamba unataka ufunguo ambao hana. Mwaitu akamsukuma kidogo mgongoni. Akainama, akaingia, na wale kina mama wawili wakaketi nje kwenye benchi wakaanza kuulizana habari za Machakos na za magoti.

Nilibaki peke yangu mbele ya dirisha, sijui mikono niiweke wapi. Ndani alikuwa ameketi kwenye stuli, magoti yanagusa kaunta. Alivuta droo ya chenji, akairudisha. Alihamisha pakiti za kiberiti kutoka kushoto kwenda kulia, nadhani zilipokuwa zikikaa zamani. Macho yake yalikuwa mekundu na sikutaka ajue nimeona, kwa hiyo nikafanya lililonijia, nikawa mteja.

"Nipatie kiberiti moja," nikasema.

Alinipa kupitia tundu la wavu. Alipokea sarafu, akaitazama pande zote mbili kama anayeshuku ni bandia, kisha akaegemea kaunta kwa viwiko viwili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikaona ule mdomo unacheza.

"Bwana Kimanzi," akasema. "Karibu tena."